Rioja Reserva na Chianti Classico: kwanini moja inateleza na nyingine inakunja uso

Swali limetoka kwa dada mmoja anayeishi Hamburg, nalifupisha. Wamenunua chupa mbili za waini nyekundu, bei karibu sawa, moja ni Rioja Reserva ya Hispania na nyingine Chianti Classico ya Italia, wakazifungua jioni sebuleni yeye na mume wake kabla ya kula. Rioja ikateleza, anasema ina kautamu fulani na harufu ya vanila. Chianti ikamkunja uso, chachu, inakausha mdomo. Mume kashikilia kwamba Chianti ndo waini ya watu wanaojua waini na Rioja ni ya wanaoanza. Sasa wana wageni, kutakuwa na mbuzi wa kuchoma, pilau, mchuzi wa nyama wenye nyanya za kutosha na pilipili pembeni, na wanataka kujua wanunue ipi.

Dada asante sana kwa swali, maana hili watu wengi wanalo moyoni ila wanaona aibu kuuliza. Nikujibu kwanza halafu ndo nieleze: ulimi wako uko sawa kabisa na wa mumeo pia uko sawa, ila hiyo hukumu yake siikubali, na nyote wawili mliionja Chianti mahali ambapo sio pake. Chianti Classico ni waini ya mezani, inahitaji chakula ili ikamilike. Rioja Reserva imekamilishwa huko huko stoo kabla hujaiona, imekaa kwenye pipa, imekaa kwenye chupa, inakufikia ikiwa imeshatulia, kwaiyo unaweza kuinywa kwenye kochi bila hata karanga na ikakupendeza. Tofauti yote uliyoisikia inatokea hapo.

Tuanze na huo utamu maana unachanganya wengi. Zote mbili ni waini kavu. Sukari iliyobaki baada ya zabibu kuchachuka ni kidogo mno, kwa kawaida chini ya gramu 4 kwa lita moja, ulimi haushiki utamu hapo. Kilichokufanya useme ni tamu ni pua. Rioja za mtindo wa zamani zinalazwa kwenye mapipa ya mwaloni wa Marekani, na mti ule una harufu kali ya vanila na ya nazi, na sisi tangu utotoni vanila na nazi tumezikuta kwenye keki, maandazi, vibibi, visheti, yaani kichwa kikinusa hivyo kinauambia ulimi subiri sukari inakuja. Haiji, ila ulimi umeshalainika. Ukitaka kuhakikisha, bana pua, chukua funda la Rioja, utashangaa ule utamu umepotea wote, halafu achia pua urudi.

Sasa fanya hivi, chukua glasi mbili zinazofanana, mimina kidogo tu, robo glasi, weka karatasi nyeupe mezani na uziinamishe juu yake. Chianti Classico ni ya zabibu inayoitwa Sangiovese, sheria inataka isipungue asilimia 80, na Sangiovese haina rangi nzito, utaona wekundu wa rubi unaopitisha mwanga, na pembeni kabisa kwenye ukingo unaanza kuelekea rangi ya tofali hata kama waini haijazeeka sana. Rioja Reserva nayo kiini chake kwa kawaida ni Tempranillo, mara nyingi imechanganywa na zabibu zingine kidogo, Garnacha, Graciano au Mazuelo, na kwa sababu imekaa pipani nayo itakuwa imeshaanza kufifia kidogo kuelekea kahawia. Kwa macho tu zinaweza kukudanganya, nimeona watu wenye uzoefu wanazichanganya, kwaiyo usikae sana hapo.

Nusa. Usitingishe kwanza, nusa ikiwa imetulia, halafu zungusha glasi unuse tena. Chianti itakupa cheri, ila sio cheri za jamu, ni zile nyekundu za chachu, halafu nyuma yake kuna kitu kikavu, majani makavu, oregano, majani ya chai, wakati mwingine harufu ya udongo au ya jani la mnyanya ukilifikicha. Mimi hiyo ya jani la mnyanya naipenda kupita maelezo na nikiikosa kwenye Chianti naanza kuwa na wasiwasi kwamba mtengenezaji kaificha chini ya mbao. Rioja itakuja na matunda yaliyoiva zaidi, stroberi na plamu, yakianza kukauka, tini kavu, halafu vanila, nazi, tumbaku, ngozi ya mkoba mpya. Gran Reserva, yaani Rioja iliyolazwa muda mrefu kuliko Reserva, ikizeeka vizuri matunda yanarudi nyuma kabisa na ngozi na tumbaku zinakaa mbele.

Kwenye mdomo ndo kesi inaamuliwa. Shika funda, lizungushe, meza, halafu subiri sekunde chache. Chianti itafanya mambo mawili kwa mpigo, mate yatatoka pembeni mwa ulimi, huo ni uchachu wa asidi, na fizi zitakauka kama umeng'ata bibo la korosho, huo ni ukakasi wa tanini inayotoka kwenye maganda na mbegu za zabibu. Sangiovese inavyo vyote viwili kwa wingi, na hapo ndipo uso ulipokunjika. Tempranillo tanini anazo pia, tena za kutosha, ila asidi yake ni ya chini, kwaiyo mdomoni inaonekana pana na ya kutulia, na ile miaka pipani imeshaufuta ukakasi uliokuwa unachoma. Watu wa maabara wanapima hili kwa pH, Sangiovese ya Chianti mara nyingi iko kama 3.3 hadi 3.5 na Tempranillo mara nyingi inapanda 3.6 na kuendelea, na namba ikiwa ndogo uchachu ndo mkubwa. Ukiziangalia hizo namba zinaonekana hazipishani kitu lakini ulimi unazisikia vizuri tu, wewe mwenyewe ni shahidi.

Sasa kwanini Rioja inapikwa na pipa kiasi hicho na Chianti haijaenda njia hiyo, hapa panahitaji historia kidogo na mi ndo panaponifurahisha.

Katikati ya miaka ya 1800 mizabibu ya Ufaransa ilianza kuugua, kwanza ukungu halafu yule mdudu wa mizizi filoksera, na wafanyabiashara wa Bordeaux wakakosa waini ya kuuza. Wakavuka milima wakaenda bonde la mto Ebro kaskazini mwa Hispania, huko ndo Rioja yenyewe, ambako kulikuwa na zabibu nzuri lakini waini ilikuwa ya kunywa haraka. Watengenezaji wa huko, Marqués de Murrieta na Marqués de Riscal, walikuwa wameshaanza kujaribu mbinu za Bordeaux, hasa pipa dogo la lita 225. Reli ilipofika mji wa Haro, viwanda vikajengwa pembeni ya stesheni kabisa ili mapipa yapakiwe kwenye treni, na vingi viko pale pale mpaka leo, López de Heredia ya 1877, CVNE ya 1879, La Rioja Alta ya 1890. Ila mwaloni wa Ufaransa ulikuwa ghali na Hispania ilikuwa na biashara ya meli na ng'ambo ya Atlantiki, basi wakachukua mwaloni wa Marekani, na ladha ya nazi na vanila ikabaki kuwa sura ya Rioja. Nyumba za zamani za Haro hawaachi tu waini ikae, kila baada ya miezi kadhaa wanaihamisha pipa hadi pipa kwa mkono, taratibu, ili tope libaki chini, na wapo ambao bado wanaweka mshumaa kwenye mkondo wa waini waone kama bado ni safi, tope likianza kuonekana wanafunga. Kila ikihamishwa inapata hewa kidogo, na ni hewa hiyo inayolainisha tanini. Kwaiyo ule ulaini uliousifia ni kazi ya watu kwa miaka, na hapo ndo namkatalia mumeo kwamba ni waini ya wanaoanza. Mtu wa kuihamisha pipa moja moja hatengenezi kitu cha wanaoanza.

Chianti historia yake imepinda zaidi. Eneo lenyewe ni vilima kati ya miji ya Firenze na Siena, mkoa wa Toscana huko Italia, sehemu za Radda, Gaiole, Castellina, Greve, na mtawala wa Toscana Cosimo III aliweka mipaka yake kwa amri mwaka 1716, hiyo ni moja ya sheria za mwanzo kabisa duniani za kusema waini ya jina fulani itoke sehemu fulani. 1872 Bettino Ricasoli, mwenye mashamba ya mizabibu huko huko, aliandika barua kueleza mchanganyiko anaoupendelea, Sangiovese kwa harufu na nguvu, zabibu ya Canaiolo ya kulainisha, na Malvasia ambayo ni zabibu nyeupe kwa waini ya kunywa mapema tu. Baadae watu wakaigeuza ile Malvasia kuwa kawaida, mpaka sheria ya 1967 ikalazimisha zabibu nyeupe ndani ya waini nyekundu! Ukiongeza na mavuno makubwa ya kutafuta pesa, unapata ile Chianti nyepesi ya chupa iliyovikwa majani makavu ambayo watu walinunua ili baadae waweke mshumaa juu. Inaniuma hii mpaka leo kwa sababu udongo ni ule ule, mwamba wa galestro unaomeguka na chokaa ya alberese, na vilima vina baridi ya usiku, zabibu inaiva polepole na uchachu wake haupotei. Ardhi haikuwa na kosa. Wenyewe wakachoka, mtengenezaji Antinori akatoa waini yake ya Tignanello ya 1971 nje ya utaratibu wa Chianti, wengine wakafuata, na polepole sheria ikarudi kwenye akili, kuanzia mavuno ya 2006 zabibu nyeupe zikapigwa marufuku kabisa kwenye Chianti Classico.

Na pipa? Toscana desturi ni pipa kubwa, la mwaloni wa Slavonia huko Kroatia, linaingia lita elfu kadhaa. Piga picha ya pipa la lita 225 na pipa la lita 3000, kwenye lile dogo kila lita ya waini inagusa mbao nyingi zaidi, tena mbao ikiwa mpya ladha inahamia kwenye waini, kwenye lile kubwa na kuukuu waini inapumua tu haichukui vanila. Ndo maana kwenye Chianti ya desturi unasikia zabibu na kilima, na uchachu unabaki umesimama. Kuna waliojaribu kuiweka Sangiovese kwenye mapipa madogo mapya ya Kifaransa hasa miaka ya 1990, zingine zikawa nzuri, nyingi zikawa nzito zimefanana na waini ya popote. Siku hizi wengi wanarudi kwenye pipa kubwa, na mi nashukuru.

Hapo hapo nikuonye kwamba na Rioja nayo sio mtindo mmoja. Wako wanaotumia mwaloni wa Kifaransa, wanachuma zabibu zilizoiva sana, waini inatoka nyeusi yenye nguvu na haina nazi yoyote, na wapo wanaotoa Rioja ya mwaka mmoja ambayo haijaona pipa. Ukinunua hiyo ukitegemea ile uliyoinywa utaniandikia tena kwa hasira. Kwaiyo soma lebo. Nyuma ya chupa ya Rioja kuna kilebo cha bodi yao chenye rangi, kijani ni isiyo na masharti ya kukaa pipani, nyekundu ni Crianza, imekaa angalau miaka 2 na mmoja wake pipani, rangi ya damu ya mzee ni Reserva, angalau miaka 3 na mmoja pipani, bluu ni Gran Reserva, miaka 5 na miwili pipani. Kwenye Chianti tafuta jogoo mweusi, alama ya chama chao kilichoanzishwa 1924, akiwepo hiyo ni Chianti Classico, asipokuwepo na ikaandikwa Chianti tu basi imetoka vilima vya jirani, ambako kuna nzuri pia hasa Rufina, ila nyingi ni nyepesi na rahisi. Ndani ya Classico kuna ya kawaida, kuna Riserva ya miezi 24, na kuna Gran Selezione ya miezi 30 ambayo lazima itoke kwenye mashamba ya mtengenezaji mwenyewe. Angalia hapo: Reserva ya Hispania na Riserva ya Italia majina yanafanana lakini huwezi kuzilinganisha, ya kwanza inakuahidi pipa, ya pili inakuahidi muda tu na mtengenezaji ndo anaamua aiweke wapi.

Tuje kwenye chakula sasa.

Mchuzi wa nyanya mpe Chianti, sina mjadala hapo. Nyanya ina uchachu, na waini yenye uchachu mdogo kuliko chakula inaonekana imepooza, Rioja Reserva pembeni ya mchuzi wa nyanya itakuwa na utamu-utamu wa ajabu na ladha ya mbao tupu. Chianti ukiichukua baada ya kijiko cha mchuzi, ule uchachu uliokukera sebuleni unayeyuka kabisa, zinapatana, cheri inajitokeza ambayo mwanzo hukuisikia. Fanya jaribio hilo kabla ya wageni hawajafika, pasha mchuzi kidogo, onja waini bila mchuzi, onja na mchuzi, mwite na mumeo. Na mafuta na protini ya nyama vinaikamata tanini, ukakasi unapungua bila wewe kufanya chochote, ndo maana Firenze wanainywa na bistecca, ile steki nene ya mfupa ikiwa mbichi katikati.

Mbuzi wa kuchoma mpe Rioja. Kule Rioja wenyewe chakula chao cha sifa ni mbavu ndogo za mwanakondoo zilizochomwa juu ya moto wa matawi makavu ya mzabibu, moshi, chumvi, mafuta yanadondokea motoni, na waini yao imekua pembeni ya moto huo. Mbuzi ana ile harufu yake, moshi una ukali wake, na tumbaku na ngozi za Reserva zinapokelewa vizuri sana hapo. Ila usikamulie ndimu nyingi juu ya nyama, ukikamulia sana tunarudi kwenye tatizo la nyanya na Chianti ndo itashinda.

Pilau, Rioja tena, kwa sababu mdalasini, karafuu na iliki zinaongea lugha moja na mwaloni, karafuu hasa, ile kemikali inayonukia kwenye karafuu inaitwa eujenoli na mwaloni uliochomwa ndani ya pipa nao unaitoa. Mtu wa Pwani akinywa Reserva na pilau haelezwi kitu. Kachumbari ya pembeni italeta fujo kidogo, acha ilete.

Pilipili ndo mtihani. Tanini na kilevi vinaongeza moto mdomoni, na hizi waini zote ziko kwenye asilimia 13 hadi 14 na nusu. Kama wageni wako ni watu wa pilipili mbuzi kweli kweli, acha Reserva, chukua Crianza, ni ya bei ya chini na ina matunda zaidi, iweke friji nusu saa kabla, itateremka vizuri kuliko chupa ya gharama.

Na hilo la friji lifanye kwa zote. Watu wameambiwa waini nyekundu inanywewa kwa joto la chumba, ila msemo huo ni wa enzi za nyumba za mawe zisizo na hita, nyuzi 16 hadi 18. Sebule yenu ya Hamburg majira ya baridi hita ikiwaka ni 22 au zaidi, hapo kilevi kinapanda puani na Rioja inakuwa nzito kama sharubati. Dakika 20 kwenye friji zinatosha. Chianti ukiipoza sana tanini zinakuwa ngumu zaidi, kwaiyo hiyo isikae muda mrefu humo.

Kufungua mapema inategemea. Chianti Classico ya mavuno ya karibuni, mimina kwenye jagi pana saa moja kabla, hewa inaisaidia. Rioja Reserva imeshapata hewa yake pipani, fungua mnapokaa mezani, na kama umepata Gran Reserva ya miaka mingi usiimimine kwenye jagi kabisa, harufu zake zinaweza kuondoka kabla mgeni hajamaliza salamu. Kama ina tope chini, isimamishe chupa tangu jana yake na umimine taratibu.

Kwaiyo ununuzi wako ningeupanga hivi: kwa watu wanane, Rioja chupa tatu, Reserva au Crianza kutegemea na pilipili, na Chianti Classico ya kawaida chupa mbili, usihangaike na Gran Selezione kwa mlo wenye vyakula vingi hivi, inataka umakini na hela. Wageni wakifika kabla chakula hakijaiva wape Rioja, Chianti itoke pamoja na mchuzi, isitangulie. Mwambie mumeo aanze na mchuzi ule ule halafu ajaribu Rioja juu yake asikie inavyoharibika, kisha ahamie kwenye mbuzi afanye kinyume chake. Zikibaki, kizibo kirudi na zote ziingie friji zikiwa zimesimama, Chianti uchachu wake unailinda itafika siku ya tatu bado iko hai na unaweza kuinywa na makaroni, Rioja yenye umri imalize kesho yake.